Chumba Kikavu

Riemer aliinua jani hadi kwenye taa ya ghala
akauona uzi mweupe, unapinda, unarudi,
unanenepa kidogo, unakatika.
"Lina mdudu," akasema, akalitupa.
Kisha la pili. Kisha kreti nzima.

Kreti tisa za asta ya pwani,
nimezichuma tangu alfajiri, magoti kwenye tope la Wierum,
maji yamekupwa na kunikopesha saa nne tu;
mboga inayozaliwa na chumvi yake,
mjini huilaza chini ya samaki
na kuitoza bei ya viatu.

Nikarudi nazo. Ningefanyaje?
Tulizichemsha, tukazila.

Baba mkwe wangu Hessel alitafuna taratibu.
"Na mwenye jani naye tumemla?"
Labda, nikasema.
"Basi leo kuna nyama."
Hakucheka. Hessel hucheka kwa kuhamisha kijiko
kutoka kulia kwenda kushoto.

Akaomba jani moja bichi.
Akaliweka dirishani, akalisoma
kama asomavyo barua za serikali, kuanzia mwisho.
"Hapa ametoka. Hapa alikuwa ameshiba.
Hapa alikuwa mwembamba, uzi ungempita kwa unene.
Na hapa," kucha yake ikasimama,
"hapa alikuwa chini ya bahari."

Ni kweli, ila sikuwahi kuliwaza.
Maji ya bamvua huja, huifunika asta yote,
kaa hupita juu ya majani, na mwani, na uzito wote ule wa kijivu,
na kiwavi amelala katikati ya ngozi mbili,
ya juu na ya chini,
anatafuna ukuta, anasogea,
hajalowa.

Kikulacho kimo nguoni mwako, sawa.
Lakini huyu anakula nguo yenyewe akiwa ameivaa,
na bado haijavuja.

Jiko letu liko chini ya bahari kwa kimo cha mtu.
Hatulisemi jambo hilo wakati wa chakula.
Miaka arobaini Hessel alijaza udongo kwenye tuta,
akaziba mashimo ya fuko, akapanga mawe,
na usiku wa dhoruba hata sasa
huamka, huvaa buti, hukaa kitandani na buti zake.

Alinituma ghalani nikalete kreti ya mwisho,
tukachambua hadi tukapata jani lenye mwenyewe ndani.
Tukalitia kwenye chupa ya haradali,
kati ya vidonge vyake vya presha na miwani.
Siku ya sita alitoboa, akaning'inia.
Siku ya kumi alikuwa amejishonea kwenye kioo
kifuko cheupe chenye mbavu,
punje ya mchele iliyovunjika, si zaidi.
Kisha hakuna kitu. Wiki mbili za hakuna kitu.
Hessel akaanza kuisalimia chupa asubuhi
kabla ya kunisalimia mimi.

Nondo alitoka usiku, redio ikitaja saa za maji kujaa:
mdogo kuliko ukucha wa mtoto,
rangi ya nyasi zilizokauka, michirizi myeupe mabegani
kama mtu aliyepita mahali palipopakwa chokaa.
Nilidhani mzee amelala.
Nikashika komeo la dirisha la bustani.
"Si huko," akasema, macho yamefumba.
"Mfungulie upande wa bahari."

Upepo ulimchukua kabla sijamwona akiruka.
Chupa tuliiosha. Ina haradali tena.

Siku hizi nikichuma nageuza kila jani kwenye mwanga,
na lenye uzi mweupe naliacha shinani.
Kreti zangu zimepungua, saba, wakati mwingine sita.
Riemer amefurahi. Anasema mkono wangu umetakata,
kwamba hatimaye nimejifunza kazi.

Simwambii.